Masika ya Bodi ya Mwalimu Salem

Mjambere, Jumanne, 6 Aprili 1999

Joto. Mvua ilitakiwa iwe imeanza, lakini mawingu huja mpaka juu ya minazi, yakatutazama, yakarudi yalikotoka. Mfereji hautoi maji, wiki ya tatu hii. Nimeketi barazani na meza yangu ya kazi, redio mbili na pasi moja, na kwa kuwa hakuna mteja nimeamua kuanza daftari hili. Miaka minane nilitengeneza redio za meli katika karakana moja Changamwe, na kila jioni tulijaza kitabu cha kazi. Karakana ilipofungwa nilidhani kile kitabu sitakikumbuka. Kumbe mkono umezoea.

Alhamisi, 8 Aprili

Redio moja imepona. Pasi imekufa, nimemwambia mwenyewe aizike.

Ijumaa, 9 Aprili

Baada ya sala alikuja Mahfoudha, mke wa Mwalimu Salem wa nyumba yenye geti la kijani. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Alipokifungua nilikuta kompyuta ya kupakata, ya kwanza kuwekwa juu ya meza yangu. Nimezifungua kubwa za mezani mara kadhaa, na ninacho kitabu kisicho na jalada kinachoeleza hizi ndogo, nimekisoma mpaka kimelegea. Lakini kitabu ni kitabu.

Mwalimu Salem nilimfahamu zamani, alikuwa akifundisha jiografia. Mtu wa maneno. Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha, kikamwachia macho, masikio, akili zake zote, na kidole kimoja cha shahada. Sauti ilikwenda. Walimjaribia taipureta, vitufe vikawa vizito kwa kidole kile. Ndipo ndugu yake wa Maskati akaleta hii mashine, ambayo vitufe vyake vinashuka ukivigusa tu, na Mwalimu akaanza kusema tena, herufi moja moja.

"Imezimika tangu Jumamosi," Mahfoudha aliniambia. "Siku tuliyosoma maulidi ya kumwombea afya. Ilimwagikiwa chai."

"Chai ya nani?"

"Yangu." Alitazama chini. "Mama mkwe anasema ni uzembe wangu. Sina la kujibu."

"Na sasa Mwalimu anasemaje na nyinyi?"

"Kwa kope. Mara moja ndiyo, mara mbili siyo." Akacheka kidogo. "Mtu aliyekuwa akieleza Mto Kongo saa nzima, sasa namuuliza wataka uji, anapepesa. Dada Mwanatatu, nimechoka kumuuliza mambo ya uji."

Alipokwenda nilimhurumia, lakini pia nilimwona mzembe. Nani huweka kikombe karibu na ulimi wa mumewe?

Jumamosi, 10 Aprili

Nimeifungua. Vijiskurubu kumi na saba, nimevipanga kwenye kifuniko cha mkebe wa maziwa kwa jinsi vilivyotoka, maana kimoja kirefu kikirudi mahali pa kifupi kitatoboa bodi.

Ile sahani ya ndani inayobeba vidude vyote mafundi wa mjini huiita mazabodi, mimi nasema bodi. Nilikaa nayo mapajani asubuhi nzima bila kuigusa na chuma chochote. Ni ya kijani, na njia zake za shaba ni nyembamba sana hata nililazimika kuziangalia kwa lenzi. Umeme huingia pembeni, hupita kwenye fyuzi, kisha hugawanywa: huku volti tano, kule tatu na ushee. Kila sehemu ikipata haki yake humjulisha mwenzake, na bongo la mashine haliamki mpaka wote wameitikia. Mmoja akinyamaza, wote hulala. Nilipenda jambo hilo, nikaliwaza hadi ugali ukaungua.

Vipimo: chaja nzima, inatoa volti kumi na tisa. Kabla ya fyuzi umeme upo. Baada ya fyuzi hakuna. Fyuzi yenyewe ni kama punje ya mchele, na imekufa. Lakini fyuzi haifi bila sababu. Nimeweka mita upande wa pili wa fyuzi na ardhi ya bodi, mita ikalia. Shoti. Kuna kitu mahali fulani kinaumwaga umeme wote ardhini, na kwenye bodi hii kuna vitu kama mia nne.

Jumapili, 11 Aprili

Jambo moja linanisumbua. Chai ya maziwa na sukari huacha gundi ya hudhurungi. Chini ya vitufe hivi hakuna gundi. Kuna madoa meupe na ukijani kidogo, basi.

Jumatatu, 12 Aprili

Mawingu yamekuja, yamekwenda.

Jumanne, 13 Aprili

Leo nimeipata. Nimeandika tarehe hii kwa wino mwekundu pia ukutani.

Kitafuta shoti kwenye bodi sina, wala sitakipata. Nilichofanya ni hiki: nilichukua umeme mdogo sana, wa volti moja, kutoka kwenye kifaa nilichounda kwa redio mbovu, nikauingiza mahali pa fyuzi. Kilicho na shoti kitaunywa huo umeme na kupata joto. Kidole changu hakikuhisi kitu, basi nikachovya brashi kwenye spiriti nikaipaka bodi yote mpaka ikang'aa. Nikaketi kuitazama. Upepo ulitulia, hata kuku walinyamaza. Spiriti ilikuwa imelala kila mahali kama umande, kisha katika pembe moja, karibu na tundu la chaja, ikaanza kujikunja na kukauka. Duara dogo kavu, na katikati yake kapasita moja, kidude cha kuhifadhi umeme, ya rangi ya kahawia.

Nilitia pasi ya kulehemu niing'oe. Risasi ilipoyeyuka, moshi ulipanda ukanijia puani, nikaiweka pasi chini.

Ilinukia waridi.

Niliinusa tena. Nilisimama, nikatembea mpaka kisimani, nikarudi nikainusa mara ya tatu. Marashi ya mawaridi, yale tunayomiminiwa mikononi kwenye maulidi. Joto liliyaamsha yaliyojificha chini ya kapasita. Siku ya maulidi mrashi, ile chupa ya kumiminia marashi, hauzungushwi na kila mtu. Katika nyumba ile unashikwa na mmoja tu, naye ni Bi Sheikha, mama yake Mwalimu.

Hakuna chai iliyomwagika. Na bibi yule amemwacha mkaza mwanawe abebe lawama siku kumi. Nilipandwa na hasira, nikaacha kazi.

Jumatano, 14 Aprili

Nimelala vibaya. Hivi kwa nini Mahfoudha hamuulizi mumewe? Swali moja tu, kope moja. Mtu aliyekuwepo, aliyeona kila kitu, yuko ndani ya nyumba, na hakuna anayemuuliza.

Ijumaa, 16 Aprili

Kongowea, kwa Erastus. Erastus alikuja pwani na lori la viazi miaka sita iliyopita akasahau kurudi. Sasa ana kibanda nyuma ya magunia ya vitunguu, amejaza mashine mbovu za maofisi ya mjini. Ukimsikiza utadhani hakuna kilichokufa duniani.

"Hii ilikufa skrini tu, madam. Bodi iko poa. Cheki vile inang'aa."

"Nataka kapasita moja na fyuzi mbili, sitaki bodi."

"Kapasita moja? Wewe unakuja sokoni kununua mbegu moja ya nyanya?"

Hata hivyo aliniachia nichague mwenyewe, na alinishikia tochi nilipokuwa nang'oa. Aliniuliza mashine ni ya nani. Nilipomwambia aliacha mzaha, akanitafutia fyuzi ya tatu. "Ya kuweka, just in case," alisema.

Jumapili, 18 Aprili

Nimeweka kapasita, nimeweka fyuzi. Mita hailii tena. Nikaiosha bodi kwa brashi ya meno ili kuondoa mabaki ya marashi, kama tulivyokuwa tukiosha redio zilizoingia maji ya bahari, kisha nikaianika juani. Kazi safi.

Jumanne, 20 Aprili

Iliwaka. Saa nne na robo asubuhi iliwaka, herufi nyeupe zikapita kwenye skrini, nami nikaanza kulia kama mtoto. Nilitafuta leso ya kujifuta. Nilipogeuka ilikuwa imezima.

Jumatano, 21 Aprili

Fyuzi imekatika tena. Bodi yote ina utando mweupe mwembamba kama unga. Niliutazama kwa lenzi, nikaukwaruza kwa ukucha, mwishowe nikauramba. Chumvi.

Ni mimi. Kule Changamwe tuliosha redio kwa maji ya mfereji. Hapa mfereji mkavu, nikachota kisimani bila kuwaza, na kila mtu wa Mjambere anajua kisima chetu ni cha maji ya chumvi, hata chai yake hainyweki. Nikayaingiza maji hayo chini ya kila kidude, nikayakausha humo kwa jua. Bi Sheikha aliitia marashi tu. Mimi nimeitia bahari.

Njia moja ya shaba imeliwa kabisa. Nimeona pengo lake kwa lenzi, nikafunika bodi kwa kitambaa nisiitazame.

Ijumaa, 23 Aprili

Mahfoudha alipita. Nimemwambia spea haijafika.

Jumatatu, 26 Aprili

Spea haijafika.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimesema tena spea. Aliniletea mahamri ya moto, akaniambia Mwalimu amepungua, hali chakula vizuri, na akiulizwa kitu siku hizi hufumba macho hayafunguki, si ndiyo wala siyo. "Ameniacha," alisema, "yupo lakini ameniacha." Mahamri niliyarudisha sahanini.

Jumamosi, 1 Mei

Nimekwenda mwenyewe geti la kijani. Mahfoudha alikuwa uani anachambua mchele. Nilimwambia yote, kisima, chumvi, spea niliyoisingizia. Nilisema haraka haraka nisije nikaghairi.

Aliendelea kuchambua kwa muda.

"Inaoshwa kwa maji gani basi?"

"Kwa maji yasiyo na kitu. Yale ya betri, dukani yamekwisha. Maji ya mvua yangefaa."

Akatazama juu. Anga lilikuwa jeupe, kavu.

"Basi tungoje mvua, dada," alisema. "Njoo ndani unywe maji."

Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Nilimwona Mwalimu kwa mbali, amekalishwa dirishani, kidole chake kikigonga mkono wa kiti, polepole, mahali ambapo hakuna vitufe. Nilirudi nyumbani nikiona haya kwa yale niliyoandika juu ya mwanamke huyu mwezi uliopita.

Jumatano, 5 Mei

Bi Sheikha amekuja, kwa miguu, jua la saa tano, buibui limejaa vumbi mpaka magotini. Sikuwahi kumwona akifika kwa mtu bila kuletwa.

"Shikamoo, Bi Sheikha."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Na wa kwenu?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Karibu kiti."

Aliketi, akapumua, akatazama bodi iliyolala chini ya kitambaa. "Mwanatatu."

"Abee."

"Yeo nimekuya na neno. Mashine hii haiwezi kuwa imekufa?"

"Haijafa bado."

"Wewe ndiwe fundi. Ukisema imekufa, imekufa. Nani atakuuliza?" Alikunja ncha ya buibui, akaikunjua. "Ikifufuka, Salem atasema."

"Atasema nini, bibi?" Nilijua, lakini nilitaka aseme yeye.

Aliiachia ile ncha.

"Nlimtia marashi mikononi kama nlivyowatia wageni wote. Kisha nikaiona ile mashine mbele yake. Nikasema moyoni, huu ndio ulimi wa mwanangu, nao upate baraka. Nikaumiminia. Ukalia mara moja, ukanyamaa. Hapo kando palikuwa na kikombe cha Mahfoudha. Watu wakakitazama kikombe, na mimi nikakitazama. Siku ile sikusema ni yeye, wallahi. Siku ya pili nikasema."

"Na Mwalimu alikuwa anaona?"

"Mato yake yalikuwa kwangu. Mpaka sasa nikipita mbele yake hunifuata kwa mato. Miaka yangu sabini na tatu, mwanangu, sijapata kuaibika mbele ya mke wa mtoto wangu."

Nilitaka kumchukia, sikuweza. Siku nane nzima mimi nilikuwa na spea isiyofika. Nilimpa maji, akanywa kidogo kidogo.

"Bi Sheikha, nitaitengeneza. Bila hii yeye hana njia. Mimi sitasema kitu kwa mtu. La kusema na Mahfoudha ni lako."

Alinirudishia gilasi, akainuka. Nilimsindikiza mpaka njia panda, na huko nyuma nikaona mawingu yamepanda kutoka upande wa bahari, meusi, mazito, hayakurudi.

Ijumaa, 7 Mei

Mvua.

Jumamosi, 8 Mei

Mvua. Ya mabati sikuitaka, maana upepo wa pwani huweka chumvi juu ya mabati pia. Niliacha inyeshe kutwa ili hewa ijisafishe, leo nikaweka sufuria tatu katikati ya uwanja, chini ya mbingu tupu. Majirani wameniona nimesimama mvuani na mwavuli, nawazuia kuku wasinywe maji yangu. Wamecheka wakachoka.

Jumapili, 9 Mei

Nimeiosha bodi mara tano kwa maji ya mvua, kila mara nikimwaga na kuweka mapya. Maji ya kwanza yalikuwa na ladha. Ya tano hayakuwa na kitu kabisa, nilikaa nayo mdomoni nikijiuliza kama nimekunywa.

Jua hakuna. Nimeiweka bodi kwenye katoni pamoja na balbu ya wati sitini.

Jumanne, 11 Mei

Umeme umekatika. Katoni imepoa.

Jumatano, 12 Mei

Bado.

Alhamisi, 13 Mei

Umerudi. Nimekaa na katoni siku nzima, mvua ikipiga bati, joto la balbu likinijia usoni. Mtu akiniuliza niliwaza nini siku nzima sitajua la kumjibu.

Jumapili, 16 Mei

Njia iliyoliwa nimeiunga kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye transfoma ya redio, mwembamba kuliko unywele wangu. Mara ya kwanza ulikatika. Mara ya pili nilipiga chafya. Mara ya tatu ulishika, nikaufunika kwa tone la rangi ya kucha. Fyuzi ya pili ilikatika katika kujaribu, basi ile ya tatu ya Erastus ndiyo imekaa.

Jumanne, 18 Mei

Imewaka. Sikulia, sikugeuka, nimeitazama saa mbili nzima. Betri yake ndogo ya kuweka saa ilikuwa imekwisha, hivyo mashine haijui miaka iliyopita. Inaamini leo ni tarehe mosi Januari 1980. Nilikaa nayo kidogo katika mwaka huo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, Mwalimu Salem alikuwa akitembea na baiskeli yake, akisimamisha watu njiani kuwaeleza mito. Kisha nikabadilisha betri, nikaiweka tarehe yake.

Ijumaa, 21 Mei

Nimeirudisha baada ya sala, mvua imetulia.

Mahfoudha alikuwa amemvisha Mwalimu kanzu safi. Bi Sheikha alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, tasbihi mkononi, hanitazami. Nilimsalimu, akaitika kwa sauti ndogo sana. Nilipoweka mashine juu ya meza ya Mwalimu na kuiwasha, nilisikia tasbihi imesimama.

Mwalimu alitazama skrini, akamtazama mkewe, kisha mama yake kwa muda mrefu. Nilitamani niwe nje. Wiki saba alikaa na jambo moja kifuani bila pa kulitolea, na sote chumbani tulijua atalitoa sasa. Kidole kikaanza. Herufi moja, anapumzika, herufi nyingine. Mahfoudha aliinama begani kwake akisoma kwa sauti, kama walivyozoea.

"Ni," alisoma. "Nili. Nilimwaga." Akangoja. "Nilimwaga mimi. Ile chai nilimwaga mimi."

Mahfoudha aliutazama ule mkono ambao amekuwa akiuosha na kuukausha kwa miaka miwili, mkono usioweza kuinua kijiko. Mwalimu alikuwa ametazama mbele, shingo imekakamaa kwa ukaidi, nami nikajua anadhani ametuokoa wote.

Tasbihi ikaanguka mkekani.

"Salem, usidanganye kwa ajili yangu," Bi Sheikha alisema. "Kidole umebakiwa na kimoja, usikitie uongo." Aligeuka pale mkekani, akamtazama Mahfoudha. "Ni mimi, mwanangu. Hapakuwa na chai. Niliitia marashi, nikakutwisha wewe."

Mahfoudha alikwenda akaketi mkekani mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Nilijua, mama."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilipoifunga kwa leso ilinukia."

Bi Sheikha alimtazama bila kuelewa. "Na ukakaa nalo?"

"Wageni walikuwa wamejaa nyumba nzima. Ningesema nini mbele yao? Na wewe uliposema chai, ikawa ni chai." Alimgeukia mumewe. "Sikumuuliza yeye kwa sababu sikutaka apepese."

Bi Sheikha akaweka kichwa begani mwa mkaza mwanawe, akalia. Nilikaza macho kwenye skrini, nikisingizia kukagua taa ya chaja.

Hapo kidole cha Mwalimu kikaanza tena. Hakikupumzika sana safari hii. Mahfoudha alisikia vitufe, akajifuta uso kwa mtandio, akarudi begani kwake. Akafungua mdomo kusoma. Aliufunga. Macho yake yalifuata mstari mpaka mwisho, na mstari mwingine, na mwingine, na hakusoma kwa sauti tena.

Nilimpa Bi Sheikha mkono, nikamsaidia kuinuka, tukatoka sote wawili uani, nikaurudishia mlango nyuma yetu.